Njombe hadi Kitandililo kwa Maji, Baiskeli na Miguu

Safari hii ilianza kwa utani wangu mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, sisi walimu tunafundisha asubuhi na kuuza mitumba jioni, na hospitalini tumeambiwa tuchangie huduma. Kijijini kwetu Kitandililo watu walikuwa wamefyatua matofali, wakayachoma, wakajenga kando ya zahanati nyumba ya vyumba viwili ambamo akina mama wanaotoka mbali wangesubiri siku zao za kujifungua. Kuta zilisimama, paa hakuna. Kwenye kikao cha kamati nikasimulia habari niliyoisikia kwa daktari mgeni aliyewahi kupita Njombe: kwao mtu huogelea, hupanda baiskeli, kisha hukimbia, yote siku moja, na majirani huahidi kuchangia jambo jema iwapo atamaliza. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha mwenyekiti akafuta machozi, akauliza, "Sasa mwalimu, wewe utaanza lini?"

Sikukataa, na sababu ilikuwa wifi yangu Tumaini, mke wa kaka. Mimba yake ya kwanza iliishia njiani, juu ya machela ya miti, kabla wabebaji hawajafika zahanati. Mtoto hakulia hata mara moja. Sasa Tumaini alikuwa na mimba nyingine, na nesi alisema mtoto huyu na mvua za kwanza watakuja pamoja. Kuta zetu ziliungwa kwa udongo. Zikinyeshewa bila paa, zingelala chini. Nilimpenda Tumaini kuliko nilivyowahi kumwambia, na niliogopa.

Mabati yaliahidiwa na Mzee Salumu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makambako, mtu wa Kondoa aliyefika na lori moja akasahau kurudi kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

"Mwalimu Elida," akasema, "nimetoa sadaka tangu ujana wangu, na sijawahi kudai mtu aloe kwanza."

Nikamweleza kwamba ndiyo kanuni ya mchezo.

"Haya, iwe kanuni. Siku ya mashindano, ukitoka Njombe ukafika kwenu bila kupanda gari, mabati ya nyumba nzima ni yako. Ukipanda gari, hata la wagonjwa, tusilaumiane."

Kocha nilimpata bila kumtafuta. Mwalimu mwenzangu Sanga, Mkinga wa Makete, alidai alijifunza kuogelea Ziwa Nyasa enzi zake za kushuka kununua vyungu. Ushahidi sikuuona. Alinifundisha akiwa nchi kavu, kwenye ukingo wa bwawa lililo chini ya mashamba ya chai, amevaa koti zito na kofia ya sufu, ameshika kamba ambayo ncha yake ya pili ilikuwa kiunoni mwangu. Nikizama, ananivuta kama ndoo ya kisimani. Nguo za kuogelea alinichagulia kwenye robota lake la mitumba: bukta ya mwanamume mnene na fulana yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu shuleni aliyeijua.

"Nyie Wabena mnaelea vizuri," aliniambia siku nilipofika katikati ya bwawa bila kuvutwa. "Vichwa vyepesi."

"Na nyie Wakinga hamwingii majini," nikamjibu, "mnaogopa hela za mfukoni zisije zikaloa."

Jioni niliendesha baiskeli mpaka Kibena na kurudi, na alfajiri nilikimbia nyuma ya mabweni. Mashindano yenyewe tuliyapanga baada ya mavuno. Kabla ya hapo Sanga alitaka nijaribu vyote vitatu kwa pamoja, safari nzima, na tukachagua Ijumaa moja ya likizo ya Juni. Kitandililo sikumwambia mtu. Kama ningeshindwa, nilitaka nishindwe kimyakimya.

Asubuhi na mapema, Njombe. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, mweupe, na nyasi zilivunjika chini ya nyayo. Sanga alikuwa amewasha moto wake mdogo ukingoni, wa kwake mwenyewe, maana mimi nilikuwa naingia majini. Nilipozama hadi shingoni nilisahau jina langu. Nilivuka bwawa kwa kupiga mikono ovyo, nikagusa matete ya ng'ambo, nikarudi nikiwa nimekunywa sehemu yake. Nilitoka macho mekundu kama mtu aliyelia usiku kucha. Sanga aliyatazama, akasema nimependeza.

Jua lilipopanda juu ya chai nilikuwa barabarani. Baiskeli ilikuwa ya Kichina, nzito, breki zake za vyuma zikilia kila nilipozigusa. Sanga alitangulia Makambako juu ya lori la viazi vyake, akanipungia mkono pole pole ili nione vizuri jinsi alivyokaa. Baada ya Kibena barabara hushuka na kupanda, na kila mpando ulikuwa na lori lake. Utingo wananing'inia mlangoni wakiita, "Mwalimu, pandisha baiskeli twende!" Hawakuwa na ubaya. Katika nchi yetu, kumpita mtu anayehangaika na mlima bila kumpa nafasi ni utovu wa adabu, na nilipokataa lori la tatu dereva alinitazama kama niliyemtukana mama yake.

Mtwango nilisimama kwa sababu miguu ilisimama. Mama mmoja alikuwa anaanika mahindi mbele ya nyumba yake.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu. "Unakwenda wapi na macho hayo?"

"Kamwene, mama. Nakwenda kwetu Kitandililo."

Alinitazama, asiulize zaidi. Akaingia ndani, akatoka na viazi vya kuchemsha na kikombe cha togwa, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza. Nilipoinuka alinifungia viazi vingine kwenye kitambaa.

"Hivi ni vya huko uendako," alisema. "Pole sana."

Nilidhani ananipa pole ya milima.

Adhuhuri niliingia Makambako. Huko baridi ya Njombe inakwisha na upepo unaanza, na upepo wa Makambako unakuja na vumbi lake. Nilitaka Mzee Salumu anione, ajue kwamba mabati yake yako hatarini. Duka lilikuwa limefungwa. Mwenyewe yuko msikitini kwa sala ya Ijumaa. Nikamkuta Sanga sokoni amekalia magunia yake, nikamwachia baiskeli, nikafunga khanga moja kiunoni juu ya suruali ya michezo kwa ajili ya heshima, na nyingine kichwani kwa ajili ya vumbi.

"Ukifika salama," alisema, "nitaamini Wabena wana mapafu."

Alibaki kuuza viazi. Baadaye alikiri kwamba watu walimuuliza, mwalimu yule anakimbia kwenda wapi, naye alikuwa anapima debe, akawajibu kwa kifupi: kwao.

Njia ya Kitandililo ni ya vumbi na mashamba. Wanawake watatu wenye majembe walinipisha. "Pole, mwalimu," wakasema. Nikaitikia asante. Baada ya hatua chache nikasikia vishindo nyuma yangu, nikageuka: majembe yamelazwa kando ya njia, wanawake wale watatu wananifuata mbio, khanga zimefungwa vichwani.

Hapo ndipo nilipojiona kama walivyoniona wao. Kwetu mtu mzima hakimbii barabarani. Anakimbia mwizi, au anakimbia mwanamke aliyeitwa nyumbani kwa sababu kuna maiti. Mimi mwizi hawakunidhania. Macho mekundu, khanga kichwani, njia ya kwetu, na mama yangu umri umekwenda.

"Hakuna msiba," nikawaambia nikihema. "Nafanya mazoezi tu."

"Ndiyo, mwanangu," akajibu mkubwa wao. "Tutaongea tukifika."

Nilijua nimekwisha. Kwetu habari ya kifo haitolewi njiani. Mtu hukalishwa kwanza nyumbani, apewe maji, ndipo aambiwe. Kwa hiyo mfiwa wa kweli, kwa kuwa hajaambiwa, hukana mpaka mlangoni. Kila nilivyosema hakuna aliyekufa, ndivyo walivyozidi kuamini, na kila nyumba tuliyopita ilitoa mtu. Mmoja alichukua mzigo wa kuni kutoka jikoni kwake, mwingine unga, mwingine ungo wa maharage. Wanaume walitokea na majembe na sepetu za kuchimbia kaburi. Ningesimama niwaeleze, ila nilikuwa nimetoka Njombe kwa ajili ya kutosimama, na ukweli ni kwamba ningekaa chini nisingeinuka tena.

Pikapu ikatokea nyuma, dereva akafungua mlango. Mikono mingi ikaanza kunisukuma ndani.

"Siwezi kupanda gari!" nikalia. "Nikipanda gari nyumba ile haitapata paa!"

Wakatazamana. "Uchungu umemzidi," mama mmoja akasema, akanishika kiuno nisianguke, akakimbia nami hivyo mpaka kijijini.

Mama yangu alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliona umati, akaniona mimi mbele, akaangusha gunzi. Tumaini akatoka jikoni ameshika tumbo lake, dogo bado, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?" Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Mama akaketi chini kwenye mahindi, akaanza kulia, na hapo utani wote ukanitoka. Nilimwona Tumaini jinsi alivyokuwa anahesabu watu wake usoni mwa kila mtu. Sura ile nilikwisha kuiona siku ya machela.

"Mko wote hai," nikasema nilipoweza. "Hakuna aliyekufa popote. Nilikuwa najifunza kukimbia."

Mama akafuta macho.

"Umekimbia kutoka Makambako?"

"Nimetoka Njombe, mama. Sehemu nimekuja kwa baiskeli, na kabla ya hapo nimeogelea."

Akaokota gunzi lake. "Umekosa nauli?"

Ndipo watu wakacheka, na nikaeleza yote, nyumba, paa, mvua na mabati. Mama wa kuni alisikiliza mpaka mwisho, akautua mzigo wake.

"Kumbe leo tumewahi," alisema.

Hakuna aliyerudi na alichokuja nacho. Kitu kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani kwa mwenyewe. Angekuwa anajibebea kifo. Kuni, unga na maharage, pamoja na vile viazi vya Mtwango nilivyokuwa nimevifunga mgongoni, vyote vilipelekwa zahanati kwa ajili ya wale watakaosubiri. Wanaume wenye sepetu walitazama huku na huku, wakaona aibu kukaa bure, wakaenda kuchimba choo cha nyumba ile.

Jioni alifika Fundi Ngailo, seremala wetu, na mbao begani. Alikuwa amezikata na kuziranda kabisa. Alipofika uani akamwona mama anapepeta mahindi, akasimama kama aliyepigwa na radi, kisha akazilaza mbao chini taratibu.

"Hizo urefu wangu?" mama akauliza.

"Nilikadiria tu kwa macho, mama," akasema Fundi, akitazama viatu vyake.

Nyuma yake likaingia lori la Mzee Salumu, yeye mwenyewe mbele, mchele na sukari nyuma, na jora la bafta nyeupe kwa ajili ya maiti. Alikuwa ametoka sala, akasikia, hata duka hakulifungua tena. Alipoelezwa alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaomba aonyeshwe nyumba. Tumaini ndiye aliyemtembeza. Mzee aliingia chumba cha kwanza, akainua macho, juu kukawa na mbingu tupu, akamtazama Tumaini, akaacha kucheka.

"Mabati yatakuja kesho," aliniambia.

"Lakini haya yalikuwa mazoezi, mzee. Tulikubaliana siku ya mashindano."

"Mashindano utafanya, nimekwisha kuwatangazia watu. Ila mvua sikukubaliana nayo chochote."

Kesho yake mabati yalifika, nami nikapanda lori lile tupu kurudi Makambako, bila kuvunja kanuni ya mtu. Sanga alinipokea na baiskeli yangu. Viazi vyake vilikuwa vimekwisha. Biashara, alisema, ilichangamka sana baada ya habari za msiba. Tukafunga baiskeli juu ya basi tukarudi Njombe, naye akalala njia nzima kama kwamba ndiye aliyeogelea. Mashindano niliyafanya baada ya mavuno kama nilivyoahidi, na njia nzima hakuna aliyenipa pole. Nilihuzunika kidogo.

Nilichojifunza nitakisema wazi. Nilidhani watu wetu lazima waone mtu anateseka ndipo watoe. Si kweli. Wanatoa siku zote, kwa mbio, bila kuulizwa mara mbili; ni kwamba tumezoea kuwaita mtu akishakufa.

Mvua za kwanza zilimkuta Tumaini chini ya mabati yale. Nilikuwa uani na kaka, tumejibanza chini ya upenu, na mvua ilipiga paa kwa kelele, hata ile sauti ilipotoka ndani mara ya kwanza sikujua kama nimeisikia au nimetamani kuisikia. Kisha ikarudi, kali, ya hasira, sauti ya mtoto. Kaka alinishika mkono akalia, nami nikalia.

Mlango wa nyumba ile Fundi Ngailo aliutengeneza kwa mbao alizoleta siku ile, na hakutaka kuunga ubao mwingine. Kwa hiyo ni mfupi. Nesi huinama akiingia, Mzee Salumu alipokuja kuona mtoto aligonga kofia, na mimi hugonga kichwa kila nikienda. Mama yangu peke yake hupita wima, na ndivyo alivyotoka asubuhi ile ya mvua, mjukuu mikononi amefungwa bafta nyeupe.