Wimbo Usiofika Mwisho

Mama Pindo alishona mfuko wa shati mgongoni siku ya Jumatano, na hapo ndipo watu walipojua kwamba kuna jambo.

Shati lilikuwa la mlinzi wa benki, mtu mpole asiyependa makuu. Alilivaa, akajigeuzageuza mbele ya kioo, akauliza kwa adabu, "Mama Pindo, kalamu nitakuwa naitoaje? Nimwombe mtu?" Mama Pindo akalitazama lile shati kama limeshonwa na adui. Yeye, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo zake hazijawahi kufumuka, leo mfuko mgongoni.

Binti yake, aliyekuwa mezani akichora kola kwa chaki, akaiweka chaki chini. "Mama, kichwa chako hakipo hapa. Jumamosi niachie duka. Nenda baharini ukakae peke yako, kimya, ukirudi uwe na jibu. Mzee wa watu umemwacha roho juu."

"Punguza sauti," Mama Pindo akasema, akiuonyesha kwa kidevu ukuta wa mbao.

Maana huyo mzee wa watu alikuwa upande wa pili wa mbao hizo hizo. Ni fundi wa feni, pasi na redio. Mtaa mzima humwita Bwana Feni. Yeye na Mama Pindo wamegawana ukuta huo tangu binti yuko shule ya msingi, na huitana jirani, basi. Sasa Jumatatu ile Mama Pindo yuko anabana mkunjo wa gauni, mara sauti ikapenya katikati ya mbao: "Jirani, nataka nikuoe. Usinijibu sasa, najua una pini mdomoni."

Na kweli alikuwa nazo. Bahati tu hakuzimeza.

"Fikiria mpaka Jumamosi jioni, kabla sijafunga," sauti ikaendelea. "Jumapili nakwenda kwa dada yangu. Nataka nijue namwendea na habari, au nakwenda kula tu."

Mtu atauliza, shida iko wapi? Bwana Feni hana neno. Ni mjane mwenzake, msafi, hajawahi kumsema mtu vibaya. Shida ni mluzi. Mtu huyu hupiga mluzi tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga, wimbo mmoja tu, na wimbo wenyewe haufiki mwisho. Aliusikia kwenye redio ya mteja siku alipoitengeneza ikapona; mwenye redio akatokea, akaibeba, akaondoka nayo wimbo ukiwa katikati. Basi pale ulipokatika ndipo anapoukata mpaka leo, kisha anauanza upya. Na Mama Pindo, tangu marehemu mumewe aondoke, ameuzoea ukimya wa nyumba yake. Chai ya jioni huinywa akisikia kijiko kikigusa kikombe. Aliuogopa mluzi ule jikoni mwake. Alichoogopa zaidi ni kwamba, pamoja na woga wote huo, tangu Jumatatu alikuwa akitabasamu peke yake.

Jumamosi asubuhi akashuka baharini kwa miguu. Si mbali, bahari iko mwisho wa barabara ile ile yenye duka. Lakini mtu wa kazi anaweza kuishi na bahari kama anavyoishi na kabati la vyombo vya wageni: lipo, halifunguliwi.

Akakuta ufuo mtupu na maji yametulia. Akavua viatu, akatandika shuka, akakaa kama anayengoja kuitwa na daktari. "Haya," akajiambia, "fikiria." Hakuna kilichokuja. Kikaja kicheko. Akakibana. Alipogusa shingo akakuta futi ya kupimia inaning'inia. Ametembea nayo barabara nzima kama mkufu, na watu wamemsalimia. Hapo akacheka mpaka kunguru akahama.

Simu ikaita. Binti. "Mama, umeshafikiri?"

"Nimevua viatu tu."

"Sasa unacheka nini?"

"Sijui, mwanangu. Nadhani ni upepo."

"Huko kuna upepo?"

Mama Pindo akayatazama maji, yamelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. "Hapana," akasema, akaizima simu.

Jua lilipokolea akaingia majini na gauni lake. Likajaa hewa, likafura pande zote, yeye katikati kama kishikio cha kifuniko cha birika. Wasichana wawili waliokuwa wakipita wakasimama.

"Shikamoo bibi. Unaogelea au unafua?"

"Marahaba. Vyote, nisije nikarudi mara mbili."

Wakaenda zao wakicheka, naye akabaki na kimya chake. Kimya kilikuwa kizuri, nisikisingizie. Akakaa nacho, maji yakimfika shingoni. Halafu, bila kutumwa na mtu, midomo yake ikajikunja ikatoa mluzi. Utotoni aliwashinda kaka zake kwa mluzi. Tangu aolewe hakuwa amejaribu. Na wimbo ulikuwa ule ule. Ukafika pale unapokatika, akanyamaza. Akajikuta ametega sikio nchi kavu, anangoja bisibisi iwekwe mezani, jirani akohoe, aanze upya. Hakuna aliyeanza. Kimya kikakaa vibaya, kama gauni lisilo na pindo.

Basi akaumalizia wimbo kwa kichwa chake mwenyewe: akapanda kidogo, akashuka, akafunga. Akarudia, akarudia tena, mpaka midomo ikawa chumvi tupu na moyo unamdunda kama wa mtoto aliyeiba sukari.

Alirudi jioni, gauni limekauka gumu kama boksi, mchanga kichwani, viatu mkononi. Binti akamtazama juu mpaka chini. "Mama, umefikiri au umezama?"

"Nipishe."

Upande wa pili Bwana Feni alikuwa akikusanya vifaa. Mluzi wake siku hiyo ulikuwa mdogo, wa mtu anayejipa moyo. Ukaja, ukapanda, ukafika pale. Ukakatika.

Mama Pindo akasogea kwenye mbao, midomo ikimcheza kwa kicheko, akaumalizia.

Kopo zima la skrubu likaanguka. Zikasikika zikibingirika mpaka nje ya mlango. Binti akajiziba mdomo kwa kola ya mteja.

"Jirani," sauti ikasema, baada ya kutafuta pumzi. "Ndivyo unavyoisha?"

"Sijui unavyoisha. Mimi nimeumaliza hivyo."

"Basi hilo ndilo jibu?"

"Ndilo. Ila nikinywa chai jioni, mluzi hapana."

Bwana Feni akafikiri. "Kikombe cha kwanza tu, au mpaka cha pili?"

"Cha kwanza." Mama Pindo akaanza kutafuta futi yake kila mahali, kumbe bado iko shingoni. "Njoo huku nikupime. Huendi kwa dada yako na hilo shati la grisi, hata nikikesha."

Akaja, skrubu zikilia chini ya viatu, akasimama mlangoni amenyoosha mikono tayari.

"Jambo moja tu, jirani," akasema. "Mfuko naomba uwe mbele."