Kengele ya Warsini

Kuna watu wakifikwa na shida hulia, wengine hukimbilia kwa jamaa. Marsudi alipofikwa na yake alikwenda kusoma. Mtu mzima, mvi kichwani, miwani imefungwa kwa uzi, akaketi darasani na vijana waliomzidi kwa kila kitu isipokuwa ubishi. Sisi wa mtaa wake pale Salatiga, kisiwani Java, tulimcheka, na sioni kwa nini nifiche kwamba tulimcheka.

Alikuwa fundi wa redio na televisheni, zile za zamani zenye kisogo. Duka lake lilikuwa hapo hapo nyumbani: meza moja barazani, pasi ya kulehemu, na redio inayonguruma kutwa. Marsudi mwenyewe hakuwa na maneno. Mdomo wa duka alikuwa mkewe, Warsini. Mteja akianza kulia bei, Warsini hutoka jikoni na mwiko mkononi, akimwita Pak, yaani bwana. "Pak, hiyo televisheni umeibeba mwenyewe toka kwako mpaka hapa? Basi na nguvu za kulipa unazo." Mteja hucheka, mkono ukaingia mfukoni.

Kisha kiharusi kikampiga Warsini asubuhi moja akiosha mchele. Upande wa kulia ukapooza wote, na maneno yakaondoka, yote, likabaki moja tu: "Mas." Ndivyo wake wa kwetu wanavyowaita waume zao, na ndivyo alivyomwita Marsudi tangu walipooana. Akitaka maji, Mas. Mgongo ukimuuma, Mas. Akifurahi, Mas.

Marsudi akamlaza chumba cha nyuma, penye utulivu. Siku moja mvua ilipiga bati kwa fujo, yeye yuko barazani na kazi yake, redio inaimba. Mvua ilipopungua akaenda kumtazama mkewe, akamkuta sakafuni, amejikunja kando ya kitanda, sauti imemkauka kwa kuita. Alimnyanyua, akamfuta, akamkumbatia.

"Warsini, nisikilize. Ukiniita tena nitakuja. Iwe mvua, iwe nini, nitakuja."

"Mas," akasema, kwa sauti ya kukwaruza.

Hiyo ndiyo ahadi iliyompeleka shule. Kengele ya kawaida ya mlangoni aliijaribu, lakini kitufe chake kilihitaji nguvu, na Warsini alibakiwa na mkono wa kushoto tu, nao dhaifu. Tena ufundi wake mwenyewe ulikuwa umemtupa mkono. Kila kitu alicholetewa siku hizo, hata jiko la wali, ukikifungua unakuta chipu nyeusi yenye miguu mingi imekaa katikati kama bwana shauri, na Marsudi alikuwa akiiogopa. Akajiandikisha kwenye mafunzo ya jioni ya shule ya ufundi, na kila siku ya darasa jirani yake, Bu Jumirah, yaani Bi Jumirah, muuza tempe za soya za kukaanga, alikaa na mgonjwa.

Mwalimu alikuwa Bu Kinanti, binti wa juzi tu, mwembamba, mwenye sauti ya kamanda.

"Pak Marsudi, mbona unaishika kwa vidole viwili? Haing'ati," alimwambia siku ya kwanza. "Ndani yake mna ghala la kuwekea maneno, mna kichwa kimoja cha kusoma amri, na hii miguu ya nje ndiyo masikio na midomo. Mguu huu unauambia usikilize, ule unauambia useme. Basi."

"Hicho kichwa kina akili, Bu?"

"Hata chembe. Kinafanya ulichoandika, moja baada ya jingine. Ukikiambia kingoje, kitangoja, hata nyumba iwe inaungua."

"Basi nimekifahamu," Marsudi akasema. "Nilikuwa na shemeji wa namna hiyo."

Darasa likaangua kicheko, na tangu hapo wale vijana wakampenda. Alijifunza kwa jasho. Mahali pa nukta aliweka mkato, programu ikagoma, akaitukana kompyuta kwa Kijava cha sokoni. Lakini taa yake ya kwanza ilipowaka na kuzima kwa amri aliyoiandika mwenyewe, alirudi mbio akamweleza Warsini mpaka uji ukapoa. Warsini alimsikiliza kwa nusu ya tabasamu aliyobakiwa nayo, na sijui alielewa nini, ila macho hakuyaondoa usoni pa mumewe.

Kengele ikatengenezwa. Kitufe laini alikishona kwenye kitambaa, akakifunga kwenye kiganja cha kushoto cha mkewe ili asihangaike kukitafuta. Waya ukatoboa kuta mbili hadi barazani. Siku ya kwanza ikalia yenyewe kila feni ilipowashwa, Marsudi akikimbia bure kwenda na kurudi, na Bu Jumirah akapiga kelele toka kwake, "Pak, umeoa upya? Maana mke anaita kila dakika." Bu Kinanti alimwonyesha kosa: mguu wa kusikiliza aliuacha unaning'inia bila kuufunga na rezista, kile kidude cha kuzuia umeme, na mguu wa hivyo husikia hata upepo. Akaufunga, ikatulia.

Ikaja shida ya pili. Mkono wa Warsini ulitetemeka, akibonyeza mara moja chipu inasikia mara kumi. Marsudi akaongeza amri: ukisikia kitufe, lia, kisha ngoja sekunde moja kabla ya kusikiliza tena. Dawa ikakubali. Hapo angeacha, na mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Warsini alikuwa akiita. Marsudi akiitwa anaacha kazi, anafika. "Maji?" Kichwa kinasema hapana. "Mgongo?" Hapana. "Unataka nini sasa?"

"Mas."

Anamtazama tu, macho yameng'aa. Marsudi anamrekebishia mto, anarudi barazani, hajaketi sawasawa kengele inalia tena. Siku moja aliiacha pasi ya moto juu ya redio ya mteja, ikatoboa kisanduku. Jioni ile akafungua programu, penye sekunde moja akaandika thelathini. Wiki iliyofuata akaandika dakika mbili. Mwishowe tano. Moyoni akajiambia kwamba ni kwa sababu ya ule mtetemeko. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Bu Kinanti aliiona darasani.

"Dakika tano za nini hizi, Pak? Mkono gani unatetemeka dakika tano?"

"Wa mke wangu unatetemeka sana, Bu."

Mwalimu alimtazama kidogo. "Ikingoja hivi inakuwa kiziwi. Mtu anaweza kubonyeza mpaka kidole kiote sugu, isisikie. Njoo Alhamisi, nitawafundisha namna ya kuishtua. Ikishtuliwa inaacha chochote inachofanya, hata iwe imelala."

"Inshallah, Bu."

Alhamisi mvua ilinyesha, na kulikuwa na spika za harusi zinazodaiwa Ijumaa. Kengele si inafanya kazi? Marsudi hakwenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, kana kwamba guu ndilo jambo kubwa ambalo mtu anaweza kuvunja.

Jioni ile ile, mvua iko juu ya bati, Warsini alimwita. Marsudi akaja, akamnywesha uji, akamfuta kidevu. Alipogeuka kuondoka, mke akamkamata shati kwa mkono wa kushoto.

"Mas."

"Narudi sasa hivi," akasema, akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, polepole, asimwumize. Akarudi kwenye spika.

Kengele ilipolia tena alikuwa katikati ya kulehemu waya. Akamalizia ule waya kwanza. Kisha akainuka, akaenda huku anaburuta ndala, na mlangoni akasema, "Nini tena, Warsini?"

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia, na hakulisikia. Alikuwa amekwisha kufa. Uso umegeukia mlangoni, macho wazi, na ngumi ya kushoto imekibana kitufe.

Marsudi alimwita. Akamtikisa bega, akaweka sikio kifuani, akamwita tena kwa sauti iliyomtoa Bu Jumirah kwake bila mwamvuli. Jirani mmoja akaja, akaja mwingine, mtu akakimbilia mganga wa zahanati. Bu Jumirah alikuwa anaomba dua chini chini, sisi wengine tumesimama pale na mikono isiyojua pa kwenda. Ndipo kengele ikalia kule barazani.

Hakuna aliyesogea. Marsudi peke yake ndiye aliyeelewa, na nilimwona anavyoelewa, maana aliketi sakafuni pale pale alipomwokota mkewe siku ile ya mvua. Kengele haikumwita yeye pale Warsini alipoiambia. Ilingoja zamu yake, dakika tano zote. Alibonyeza chipu imelala, akabana, akaendelea kubana, na mauti ndiyo yaliyoendelea kubana baada yake. Marsudi aliusogelea ule mkono, akavifungua vidole kimoja kimoja. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo.

Mganga alisema ni kiharusi kingine, kikubwa. Hata kama mumewe angekuwa ameketi kitandani, asingeweza kitu. Watu wa msiba tukalishika hilo neno, tukamrudishia kila jioni ya kisomo: asingeweza kitu, Pak, ni kazi ya Mungu. Yeye aliitikia kwa kichwa. Warsini hakumwita amponye. Alimwita aje.

Kisomo cha siku ya saba kilipopita, Alhamisi, Marsudi alikwenda shule. Bu Kinanti aliacha chaki.

"Pole sana, Pak. Si lazima uje leo."

"Nifundishe lile la kuishtua."

Akamfundisha. Ilikuwa mistari minne. Marsudi aliiandika bila kukosea hata mkato mmoja, akaiambia chipu ilale dakika tano, akabonyeza katikati ya usingizi wake. Ikalia papo hapo. Akabonyeza tena, ikalia. Akaendelea kubonyeza, darasa zima linamtazama, mpaka mwalimu akamshika mkono na kumwambia inatosha, Pak, imeshasikia.

Marsudi hakurudi kukaa barazani. Aliibeba meza yake peke yake, akaivusha mlango wa sebule kwa shida, akaiweka chumba cha nyuma, imegusana na kitanda. Siku hizi ukiwa na redio mbovu inakubidi upite nyumba nzima kumtafuta, umkute analehemu, bega moja karibu linagusa mto. Wateja hawalalamiki.

Siku ya kwanza Bu Jumirah aliingia na sahani ya tempe, akasimama akiangalia. Ni mama mwema, hana jicho baya, alisema tu kilichomjia.

"Mbona hapa panatosha, Pak. Mwanga upo, dirisha lipo. Meza si ungeileta huku tangu zamani?"

Marsudi alitazama meza, akatazama kitanda, akatazama tundu la ukutani mlimopita waya.

"Sikuwaza, Bu," akasema.