Mikeka ya Ukumbi wa Siyu

Saa tatu asubuhi, Kulthum Barka anatoa mikeka nje mmoja mmoja, anaikung'uta na kuianika ukutani. Akifika kwenye mkeka wenye ukanda wa ukili mwekundu pembeni, mikono yake inapunguza kasi. Huo hauachi juani. Anaukung'uta, anaukunja na kuurudisha mahali pake, mbele kabisa.

Mama huyu wa miaka hamsini na minne ni mtunzaji wa ukumbi wa maigizo wa Siyu, kisiwani Pate. Ukumbi wenyewe ni ghala kuukuu la nazi lenye kuta za mawe na paa la makuti, na pazia katikati likitenga wanawake na wanaume. Viti hakuna. Kila mtazamaji ana mkeka wake, na mikeka yote hulala hapo hapo mwaka mzima. Anayeacha mkeka wake anasema atarudi.

"Zamani, mchezo ukiwa Idd, watu walitoka Chundwa kwa miguu," anakumbuka. "Kiingilio shilingi hamsini. Mimi nikipata mia tatu na kicheko cha bure."

Kicheko kingi kilitoka kwa mwenye ukili mwekundu, marehemu Bi Hadia. Waigizaji walimhofu kuliko giza la jukwaani. Taufiq, kiongozi wa kikundi, aliwahi kutokea jukwaani akiigiza bwana harusi, akaanza kujigamba kwa mali yake. Sauti ikapenya pazia: "Kanzu yenyewe ya kuazima, mwanangu, jigambe taratibu." Watu walicheka hata mchezo ukasimama.

Bi Hadia hakumsahau Kulthum pia, ambaye kwa miaka ishirini alitazama kila mchezo akiwa amesimama mlangoni. "Kulthum, ndoo uketi," alikuwa akimwita aje kwenye mkeka wake. "Mlango hauna miguu, hautakwenda popote." Kulthum alijibu kuwa ana kazi.

Machi 2020 mikusanyiko ikapigwa marufuku kwa sababu ya korona. Ukumbi ukafungwa. Kulthum akarudi kusuka ukili nyumbani, siku nyingine asipate hata shilingi mia. Mwaka ulipopita, paa likaanza kuoza na mvua ikaingia. Mwenye jengo, Bwana Jeilani, akamwambia bila ukali kwamba paa lisipoezekwa upya kabla ya masika, ataligeuza jengo kuwa ghala tena.

Hapo ndipo Kulthum alipokosea. Akiogopa mikeka isioze, aliibeba kichwani na kumrudishia kila mtu wake, nyumba kwa nyumba. Hakuwaza kwamba Siyu mkeka wa mtu haurudishwi kwake ila kwa ugomvi.

Kesho yake asubuhi Bi Hadia alikuwa mlangoni kwake, barakoa kidevuni, mkeka kwapani.

"Nimekukosani hata ukanifukuza?"

Kulthum akaeleza habari ya paa. Bi Hadia akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini hakuanza na hilo.

Kabla ya wiki kwisha, wanawake wa Siyu walikuwa wakishona makuti vibarazani mwao, kila mmoja kwake. Kila mkeka uliorudi ukumbini ulirudi na mzigo wa makuti. Wasioweza kushona walitoa kamba na boriti, na wanaume waliezeka kwa zamu, wanne wanne, wasije wakajazana. Masika ilikuta paa limekamilika.

Bi Hadia hakuketi chini yake. Alifariki miezi miwili kabla ya ukumbi kufunguliwa. Waliruhusiwa watu wachache tu msibani, na Kulthum hakuwa miongoni mwao. Alikaa ukumbini siku hiyo, peke yake, akifagia palipokwisha kufagiliwa.

Baadaye alimpelekea Nusra, binti wa marehemu, mkeka wa mama yake. Nusra hakuupokea. "Mama alisema usirudishwe tena," alimwambia. "Alisema una mtu wake."

Miaka imepita, na mkeka ule haujakaliwa. Idd ijayo kikundi cha Taufiq kitaonyesha mchezo mpya, na Kulthum amekwisha kumwomba Nusra ashike mlango.

"Mimi sijapata kuuona mchezo nimeketi," anasema, akiupapasa ukili mwekundu. "Idd hii nitaukunjua."