Benchi la Watu wa Redio

Vijana wa klabu ya kompyuta hapa Kansanga wananiita Hajati, na wanadhani naja kwao kupumzisha miguu tu. Jana mmoja aligusa waya kwa chuma cha kulehemu, moshi ukanipanda puani, nami nikawa tena binti mdogo kule Namuwongo, napuliza makaa ya sigiri ya mama.

Wanaume waliopenda redio walikutana uani kwetu, wakipasha chuma chao katika makaa yetu. Sheria yao ilikuwa moja: huketi kwenye benchi lao mpaka ufufue redio iliyokufa. Nililitaka benchi lile kuliko nguo ya Idi.

Siku moja redio fulani iliwashinda. Walifungua, wakalehemu, wakabishana mpaka jasho likawatoka.

"Mmepima spika?" nikauliza.

"Wee, chunga makaa!" akafoka mkubwa wao. "Spika haifi."

Nikachukua betri, nikaigusisha nyaya za spika kama nilivyowaona wakifanya wenyewe. Spika nzima hukwaruza. Hii haikutoa hata pumzi. Nikapapasa waya, nikakuta umekatika ndani ya ganda lake. Nikaumenya kwa meno, nikasokota ncha zake pamoja. Kelele za mechi ya mpira zikajaa ua mzima.

Mkubwa akanitazama, kisha akasogea. "Haya, fundi. Kaa."

Nikakaa, miguu haifiki chini. Shuleni sikufika mbali, lakini kwenye benchi lile hakuna aliyenishusha.

Jana nikamwambia yule kijana, "Lete hicho chuma. Unachoma waya kama unachoma nyama."

Akasogea.