Wati Elfu Moja

Harufu ya plastiki mpya bado hunirudisha Masasi, kwenye duka la redio karibu na hospitali ya Mkomaindo, msimu wa korosho nikiwa darasa la sita. Tulikuwa tumeteremka kutoka Newala asubuhi, mimi na baba, kutafuta spika ya kuunganisha na redio yetu ya kaseti. Bibi, mama yake baba, masikio yalikuwa yanamwishia. Alitaka jambo moja tu: asikie tena kaseti aliyoituma baba mdogo Hamisi kutoka machimboni Tunduru, miezi michache kabla ya kufariki. Sauti yake ilikuwa imebaki humo tu.

“Soma, Zuhura,” baba aliniambia mbele ya wateja. “Ipi ina nguvu?” Nyumbani nilikuwa msomaji pekee wa Kiingereza, na siku hiyo nilijiona profesa. Palikuwa na spika ndogo ya mbao, imeandikwa wati ishirini, na nyingine kubwa nyeusi, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu wati elfu moja. Nikaonyesha ile kubwa. Nyuma yake palikuwa na maandishi madogo: nguvu ya kudumu, wati kumi, kisha mistari ya hezi, vipimo vya mawimbi ya sauti, ambayo sikuielewa. Niliyaona. Niliona haya kusema sijui, baba akalipa.

Newala majirani walijaa uani kusikiliza. Baba alipoweka kaseti, spika ilinguruma na maneno ya baba mdogo yakazama humo. Akaongeza sauti, ikazidi kukoroma. Bibi aliweka kiganja juu ya boksi, uso ukambadilika. “Mbona anatetemeka? Mwanangu aliumwa hivi, mkanificha?” Baba akainamia vitufe vya redio. “Zima, Baba Zuhura,” bibi alisema, na hakuomba tena kuisikia. Alifariki kabla ya msimu uliofuata. Yale maandishi madogo sikumwambia mtu.

Siku hizi vipimo navisoma kuanzia herufi ndogo, na mume wangu hunicheka ninavyowahoji wauzaji. Spika zangu ni ndogo, lakini mtu akisema unamsikia anavyosema. Mwezi uliopita fundi alinihamishia ile kaseti kwenye simu. Nilimsikia baba mdogo akimeza mate, jogoo akiwika nyuma yake, kisha akauliza taratibu: “Mama, unanisikia?” Akanyamaza kidogo, kumpa nafasi ya kujibu. Niliumia kuliko siku tulipomzika bibi.