Duaradufu Si Tyubu

Wanafunzi walimwita Mama Tyubu, kwa sababu kila muhula mpya aliingia darasa la hesabu chuoni na tyubu ya baiskeli begani, akaijaza upepo mbele yao na kusema, "Huu ndio mpindo wa eliptiki. Anayedhani ni duaradufu atoke nje." Walicheka, hakuna aliyetoka.

Jina lenyewe ndilo lenye fitina. Duaradufu, kwa Kiingereza "ellipse", ni duara lililobinywa, hata mtoto hulichora. Mpindo wa eliptiki umerithi jina tu, kama mjukuu aliyepewa jina la babu asiyefanana naye. Ukiutazama kwa namba changamano, sura yake ni ngozi ya tyubu. Kwa miaka kumi na mmoja mwalimu huyu alihangaika na swali moja: ngozi hiyo inaweza kutandazwa kwa njia zipi juu ya tufe, bila kuchanika na kwa kufuata sheria kali za namba hizo? Kulifunika tufe mara moja, kwa tabaka moja tu, haiwezekani. Mara mbili inawezekana. Mara tatu, njia hazihesabiki, na zote zikikusanywa zinakuwa umbo jipya, lenye sura na kona zake. Umbo hilo alilijua kuliko jiko lake. Dada yake alisema ameolewa na tufe, tena bila mahari.

Sasa aliomba uprofesa. Asipoupata, mkataba wake ulikuwa unakwisha mwaka huohuo. Jibu la kamati lilikuwa na mistari miwili: "Duaradufu ni somo la sekondari. Maombi yamekataliwa."

Alilisoma amesimama. Watu saba wazima, wenye tai na chai ya bure, na hakuna aliyefungua ukurasa wa pili! Asiyejua maana haambiwi maana, sawa. Lakini kati ya hao saba mmoja alijua: mzee aliyemfundisha hesabu tangu akiwa msichana. Akaenda moja kwa moja ofisini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu." Alisalimu kwa sababu alilelewa vizuri, si kwa kupenda.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Kwenye kikao ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mwenyekiti aliposema duaradufu?"

Mzee akapangusa meza isiyo na vumbi. "Alisema, watu wakacheka. Kumsahihisha pale ingekuwa kumvua nguo hadharani. Na mkataba wangu mimi nani anaupitisha? Si yeye?"

"Kwa hiyo na wewe ukacheka."

"Nilitabasamu tu."

"Ukatabasamu! Miaka yangu kumi na mmoja, wewe ukatabasamu!" Sauti ilifika hadi kwenye korido, na hakujali. Akamtupia karatasi na kalamu mezani. "Andika mstari mmoja: mpindo wa eliptiki si duaradufu. Weka sahihi. Rufaa zinafungwa leo saa kumi."

Sentensi hiyo mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa chaki, miaka ishirini iliyopita. Aliitazama kalamu. Akapapasa mfuko wa koti wa kulia, kisha wa kushoto.

"Miwani nimeisahau nyumbani, mwanangu. Njoo kesho."

Alikuwa ameivaa.