Chupa Niliyoipuliza Mimi

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia mtu anakohoa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu masomo ya usiku Mbeya, cheti nakitembeza mfukoni mwa shati, najiona nimebakiza kidogo tu niwe gavana.

Mdogo wangu Ambakisye aliugua, usaha ukamjaa kuuzunguka moyo. Tukampakia lori pale Uyole hadi hospitali moja ya Iringa, daktari akampasua kifuani, kati ya mbavu, akautoa usaha. Moyo ukatulia. Lakini kidonda kilimuuma hata pumzi akawa anaivuta kwa kuiiba.

Asubuhi na alasiri daktari alimchoma sindano ya ganzi ubavuni. Maumivu yakikatika, muuguzi, mama wa Kihehe mwenye maneno yake, alinikabidhi chupa ya maji yenye mrija wa mpira.

"Bwana Cheti, ganzi hii si ya kulalia. Mkalishe, apulize humu mpaka maji yatoe mapovu, halafu akohoe. Mapafu yasipofunguka yatajaa makohozi."

Basi, kwetu sisi mgonjwa akipata usingizi, hata kuku wanafukuzwa uani. Na Ambakisye alikuwa hajalala siku tatu.

"Kaka, niache kidogo tu."

Nikamwacha. Muuguzi akaita kutoka chumba cha pili, "Bwana Cheti, anapuliza?" Nikaichukua chupa nikaipuliza mwenyewe, ikanguruma kama mto Ruaha wakati wa masika.

"Anapuliza, mama!"

"Mwambie hongera!"

Tukacheka, mimi na mdogo wangu, yeye amejishika ubavu.

Siku mbili tulifanya hivyo. Ya tatu homa ikapanda, makohozi yakamjaa, midomo ikawa kama majivu. Sasa akaiomba chupa mwenyewe, ila pumzi ya kupuliza hakuwa nayo. Muuguzi akaniangalia mimi, akaiangalia chupa. Nikasema ukweli. Hakunifokea.

"Ungeniambia jana, baba."

Jioni Ambakisye akafa. Na moyo wake ulikuwa umepona.

Mwanangu, ukimuuguza mtu, saa ya nafuu ndiyo saa yake ya kazi. Mkalishe, mkumbatishe mto kifuani, akohoe. Akilia, lia naye, lakini apulize yeye. Na muuguzi akiuliza, sema lililofanyika, hata kama ni aibu.

Mungu akupe pumzi ndefu, na wale utakaokaa kando ya vitanda vyao akurudishie nyumbani wakitembea.